Gunia Aliyechoka Kulipwa Ili Akose

Saa tatu asubuhi, na bati la jimu limeshaanza kulia kwa jua. Mwanamume mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajifunga mkono wa kushoto kwa bandeji iliyofuliwa mpaka imepata rangi ya majivu. Anaizungusha taratibu kama anayemvisha mtoto soksi: kidole gumba, kifundo, katikati ya vidole. Akimaliza anakunja ngumi na kuitazama, kana kwamba anaiuliza: leo tena?

Leo tena.

Anaitwa Gunia. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho na limestarehe huko huko. Hapa ndani hata wanaompenda humwita Gunia, kwa kuwa kazi yake haitofautiani sana na ya lile gunia la mchanga linaloning'inia kwenye mnyororo kule pembeni. Anapigwa na mabingwa ili mabingwa wazoee kupiga. Watu wa ndondi huiita kazi hiyo sparing.

"Tofauti ni moja," anasema. "Lile likichanika linashonwa siku hiyo hiyo."

Ulingoni anamngoja Radi, bondia wa miaka ishirini na mitatu ambaye sura yake imebandikwa kwenye nusu ya kuta za mji. Radi ni mpiganaji wa kushambulia. Anaingia, anapiga, anaendelea kuingia. Leo viti vya plastiki vimepangwa mbele ya ulingo, na juu yake wamekaa wadhamini, wapiga picha, waandishi wa habari na promota wake, ambaye amevaa miwani ya jua ndani ya jengo lisilo na taa.

Kengele inalia. Radi anakuja mbele kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Gunia anatupa ngumi ya kushoto, Radi anapinda shingo, ngumi inapita kando ya sikio. Gunia anatupa ya kulia, inapita juu ya utosi. Anatupa tatu kwa mpigo, zote zinakwenda kupunga upepo. Mdhamini mmoja anamgeukia mwenzake na kumnong'oneza kwamba kijana huyu hapigiki. Makofi yanalipuka.

Baadaye, viti vikiwa vinakusanywa, Gunia amerudi juu ya ndoo yake na anafungua bandeji. Hatabasamu.

"Na wewe ulipiga makofi?" anamuuliza mwandishi wa makala haya. "Basi umepigia uongo. Zile ngumi hakuzikwepa. Ni mimi niliyezikosesha."

Anaeleza kwa sauti ya chini, lakini ni sauti ya sufuria yenye kifuniko kinachorukaruka. Wiki sita zilizopita, Radi alipopata pambano kubwa la maisha yake, promota aliwaita watu wa sparing wote na kuwapa amri: ngumi yoyote isiguse kichwa cha Radi. Ipite karibu, ipendeze kwa kamera, lakini isifike. Radi mwenyewe asiambiwe.

Sababu zilikuwa mbili. Kijana ajengewe imani kwamba hapigiki. Na uso wake usivimbe, maana kuna mabango mengine ya kupigwa picha.

"Kumbe nimeajiriwa na bango," anasema Gunia.

Ukiwaza vizuri, hakuna kazi nyingine duniani ambayo mtu hulipwa akikosa, labda ile ya kutabiri hali ya hewa. Lakini mtabiri akikosa, unalowana tu. Mwezi ujao Radi atasimama mbele ya bondia anayeitwa Kinyonga, mtu ambaye hajawahi kuwa na haraka. Kinyonga hungoja. Anakuacha upige kwanza, kisha anajibu pale pale ulipoacha kichwa chako. Na Radi, kwa wiki sita, amefundishwa kwamba kichwa chake kinaweza kuachwa popote, kama baiskeli ya kijiji kisicho na wezi.

Gunia ana miaka arobaini na mmoja. Alianza kama mpakiaji kwenye ghala la mbao, akaingia ndondi kwa kuamini kwamba aliyezoea kubeba magogo hawezi kushindwa na binadamu. Alipigana mapambano saba akashinda moja, "na hilo moja, tumbo lilikuwa linamwendesha mwenzangu." Hata hivyo makocha waliona kitu: mkono wake wa kushoto ni mwepesi na mnyoofu. Hakuwa na mengine ya kuujazia, lakini kama kuna mwanya kwenye kinga ya mtu, mkono ule utaupata. Wakamchukua wa kuwatafutia mabingwa mianya.

Analipwa kwa raundi. Raundi nne hununua mkaa wa wiki. Mbavu zikiuma hakuna raundi, na pasipo raundi hakuna mkaa. Ndivyo alivyoishi miaka kumi na minane, akipigwa kwa zamu na washambuliaji watatu wakubwa kuliko wote wa kizazi chake: Nyuki, Mwashi na Tingatinga.

Na ukitaka kumuona Gunia akikasirika kweli, mwambie, kama watangazaji wa redio wanavyopenda kusema, kwamba wale watatu hawakuwa na ulinzi, walikuwa na moyo tu.

"Moyo?" anauliza. "Moyo hauzuii ngumi. Ungezuia, wapendanao wasingeumia. Mimi ndiye niliyetumwa kuvitafuta vichwa vya wale watu. Waniulize mimi vilikuwa wapi."

Basi akaulizwa.

Nyuki alikuwa mfupi, mabega kama mlango. Hakurudi nyuma hata siku moja, lakini kila alipopiga hatua kichwa kilihama: kushoto, chini, kulia, chini tena. "Kichwa cha Nyuki hakikuwa na anwani. Unatuma ngumi, inarudi imegongwa muhuri: mhusika amehama." Na pale alipoinama kukwepa, magoti yalikuwa yameshajikunja, na kutoka kwenye goti hilo ndipo ngumi ya mbavu ilipozaliwa. Kwa Nyuki, kukwepa na kupiga walikuwa mapacha.

Mwashi alikuwa kinyume chake. Kweli alikuwa mwashi, alijenga nyumba za watu kabla ya kubomoa watu wenyewe. Huyo hakukwepa. Alikuja polepole, viwiko vimebana mbavu, glovu zimeziba masikio, kidevu kimezikwa begani. Ngumi aliidaka kwa kiganja cha glovu kama anayepokea tofali kwa kibarua wake, anaiweka kando, anakuja na nyingine. Jioni moja mke wa Gunia, ambaye ni fundi cherehani, alimkuta mumewe ameloweka mikono kwenye beseni la maji ya chumvi. Akamuuliza leo amepigwa wapi. Gunia akamjibu kwamba hakupigwa popote, alikuwa anapiga ukuta.

Nani alikuwa na ulinzi bora? Gunia anapima kama mama anayeulizwa mtoto gani anampenda zaidi. Raundi za mwanzo, anasema, Nyuki hakuwa na mfano. Lakini kinga yake ilikula pumzi. Akichoka, kichwa kinapunguza mwendo. "Raundi ya saba Nyuki alikuwa na anwani, na mtaa, na namba ya nyumba." Mwashi alikuwa yule yule kengele ya kwanza hadi ya mwisho, ila nyuma ya glovu zile aliona kidogo, na mbavu zake zililipia usalama wa uso.

"Tingatinga," anasema mwishowe. "Huyo ndiye."

Tingatinga aliitwa hivyo kwa namna alivyosukuma watu hadi kwenye kamba. Watazamaji waliitazama mikono yake, na walikuwa na haki, ilikuwa mikono ya kutazamwa. Lakini kila alipomaliza kutupa ngumi nzito ya kulia, mguu wake wa kulia uliteleza nusu hatua pembeni. Nusu tu. Jibu la mpinzani lilifika pale Tingatinga alipokuwa, likakuta nafasi tupu.

"Nani anaangalia miguu?" anasema Gunia. "Niliiona mimi kwa sababu nilikuwa natazama chini kwa aibu."

Hapo anakunja bandeji. Halafu anasema jambo ambalo limemkaa kooni kuliko yote.

Watu hawakuipenda nusu hatua. Walianza kupiga miluzi wakisema Tingatinga anakimbia. Promota wake, na ni huyu huyu wa miwani, akamwambia aache kucheza dansi: asimame, apigane, watu wamelipa waone vita. Tingatinga alikuwa mtu wa kusikia. Akasimama. Aliendelea kushinda mapambano mengi tu, na kila alipopiga alipokea jibu, kwa sababu sasa jibu lilimkuta nyumbani.

Leo Tingatinga hawezi kufunga vifungo vya shati. Anaishi kwa dada yake, mitaa miwili kutoka kwa Gunia, na humwita Gunia kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Kila Jumapili Gunia huenda kumnyoa ndevu. Hakuna mdhamini aliyewahi kufika, wala mpiga picha.

"Halafu redio inasema hakujua kujikinga," anasema Gunia. "Alijua. Walimnyang'anya. Siku ile niliposikia hivyo niliinuka nikazima redio. Ya jirani. Ilibidi niende nikaombe radhi."

Jumanne iliyofuata haikuwa siku ya wageni. Kwenye jimu kulikuwa na kocha, mabondia wachache, na promota aliyekuwa mlangoni akiongea na simu. Gunia na Radi waliingia ulingoni kama kawaida.

Raundi ya pili Radi alitupa ile ngumi yake kubwa ya kulia, na kama kawaida yake akabaki pale pale akiifurahia. Mkono wa kushoto wa Gunia ulinyooka ukamgusa kwenye paji la uso. Haikuwa ngumi ya kuumiza. Ilikuwa ya kubisha hodi.

Radi akatabasamu nyuma ya kinga ya meno, akasema ni bahati. Akatupa tena. Hodi. Akatupa kwa hasira. Hodi, safari hii ya nguvu kidogo, ya kumbishia mwenye nyumba asiyesikia.

Kijana alishusha mikono. Hata yule aliyekuwa akiruka kamba aliacha.

"Mjomba," akasema, "mbona siku zote hunipati?"

Gunia alitoa kinga ya meno mdomoni. "Muulize aliyeniambia nisikupate."

Wote wakageuka mlangoni. Promota alikata simu, akaja mpaka kwenye kamba, na badala ya kumjibu Radi akamwambia Gunia avue glovu. Kocha alipata jambo la kutazama sakafuni. Gunia alivua glovu, ambazo ni za jimu, akachukua bandeji zake na ndoo. Ndoo ilikuwa yake.

Alipotafutwa na gazeti hili, promota hakukana. Alisema bondia ni imani, na kwamba mtu wa sparing anayevunja imani ya bingwa mwezi mmoja kabla ya pambano anahujumu kazi za watu. "Hakuna anayelipa kiingilio aje kumuangalia mtu anavyoinama," alisema. Alipoulizwa kuhusu Tingatinga, alisema alikuwa bondia shujaa sana, na kwamba anaingia kwenye kikao.

Shujaa. Neno hilo ni rahisi sana kulitoa mtu anapokuwa amekaa upande wa pili wa kamba. Imani aliyojengewa Radi ni ya mtu aliyeambiwa na mwenye mtumbwi kwamba mto hauna kina. Na atakapozama, mwenye mtumbwi ndiye atakayesoma risala msibani.

Kocha, aliyekubali kuzungumza nje ya jimu huku akitazama nyuma mara kwa mara, alisema kwa kifupi: "Mimi naagizwa." Kisha akaongeza, kama mtu anayedondosha kitu makusudi ili kiokotwe, kwamba mkono wa kushoto wa Gunia ni ule ule wa Kinyonga, ila wa Kinyonga haubishi hodi.

Jumapili, saa nane mchana. Gunia amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya vyumba viwili, ananoa wembe wa kunyolea. Ndani mkewe anakanyaga cherehani, anashona sare za shule za watoto wa watu. Tangu Jumanne cherehani hiyo ndiyo inayonunua mkaa.

Mke hana mpango wa kumsifu mumewe mbele ya mwandishi. Anasema heshima ni kitu kizuri lakini haichemshi maji. Anakata uzi kwa meno, anakanyaga tena, kisha anasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Miaka yote nilimkanda maumivu ya kupigwa na akalala," anasema. "Hizi wiki sita za kupiga hewa ndizo zilizomkosesha usingizi. Nikamwambia, baba watoto, kama kazi yenyewe inakuumiza hata usipopigwa, basi hiyo si kazi."

"Nawe ulikuwa unakoroma," anasema Gunia kutoka kizingitini.

"Nilikuwa nakukoromea wewe."

Ndipo kivuli kinaanguka mlangoni. Ni kijana mrefu aliyevuta kofia mpaka kwenye nyusi, na kofia hiyo haimsaidii chochote, kwa kuwa ukuta wa duka la jirani una bango lake.

"Hodi," anasema Radi.

"Leo unabisha wewe," anajibu Gunia.

Mke anamletea kigoda. Radi hakai. Amekuja na hasira, na anataka aitue akiwa amesimama. Anasema wiki sita mjomba amemdanganya, anapiga hewa na kumuacha aringe kama mjinga mbele ya watu, na pengine jimu zima lilikuwa likimcheka.

Gunia hajitetei. "Kweli," anasema. "Ila hakuna aliyecheka, mwanangu. Wenzako walikuwa wanaogopa."

"Sasa mbona ukaacha?"

Gunia anapangusa wembe, anaufunga kwenye taulo dogo. "Twende nikakuonyeshe."

Tingatinga amekaa uani kwa dada yake, kwenye kiti chenye mikono, shati limefungwa vifungo vizuri na mtu mwingine. Mwili bado ni mkubwa. Mikono inatetemeka kidogo juu ya mapaja. Anamkaribisha Gunia kwa jina la marehemu kaka yake, na Gunia anaitikia jina hilo kama lake. Anampaka povu, anamnyoa shavu moja baada ya jingine, anamsimulia habari za mtaani. Radi amesimama karibu na kamba ya nguo na hajui aweke wapi mikono yake.

Akimaliza, Gunia anamfuta uso, anamsaidia kusimama, kisha anarudi nyuma na kuinua kiganja. "Bingwa," anasema. "Nipe ya kulia."

Tingatinga anakitazama kiganja muda mrefu. Ngumi inayotoka ni ya taratibu na haina uzito, inafika kiganjani kama jani. Lakini chini, ndani ya ndala, mguu wa kulia unateleza nusu hatua pembeni.

Dada mtu, anayeanua nguo, anasema wala si ajabu: hata akitupa soksi kitandani hufanya vivyo hivyo, yeye dada amezoea kumkuta amehamia upande mwingine wa chumba. Anacheka. Kisha anaacha kucheka, anajifuta macho kwa shuka analokunja.

Radi amevua kofia. Amechuchumaa mbele ya miguu ya mtu ambaye utotoni alimuona kwenye mabango. "Mzee," anasema, "naomba urudie."

Tingatinga anarudia. Nusu hatua.

Huo ndio mpango wa Gunia, na hana mwingine. Radi amempelekea promota ujumbe kwamba hapandi ulingoni bila Gunia kwenye kona yake. Promota hajajibu, na huenda akajibu kwa mkataba, maana mkataba anao yeye. Hadi hapo, kila asubuhi kabla ya jimu, Radi atakuja kwenye ua huu, na Gunia atambishia hodi mpaka mlango ufungwe. Malipo hayajazungumzwa. Siku moja, Gunia anasema, angependa awe na jimu lake, hata la bati bovu, ambalo kanuni yake ya kwanza itaandikwa mlangoni kwa rangi: humu ndani hakuna anayekosa makusudi.

"Wajifunze kushambulia, sawa. Nyuki alishambulia. Mwashi alishambulia," anasema. "Lakini mtu akienda vitani aende na kichwa chake, arudi nacho. Hilo nalo ni la kubishaniwa?"

Radi ameshasimama kando ya Tingatinga, bega kwa bega. Hawana glovu. Anatupa ya kulia kwenye kiganja cha Gunia, na mkono wa kushoto wa Gunia unamgusa kwenye paji. Hodi. Anatupa tena, mguu unachelewa. Hodi. Tena, mguu unawahi mno, anajikwaa kwenye beseni la povu, dada mtu anamwambia beseni hilo ana kazi nalo. Tena.

Na tena. Ngumi inatoka, mguu unateleza, na mkono wa Gunia unakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa urefu wake na kusimama hewani, mahali ambapo sekunde iliyopita palikuwa na kichwa cha Radi.

Gunia anautazama mkono wake. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, anatabasamu.

"Hiyo," anasema, "sikuikosesha mimi."